Diski ya plau au springi ya lori, nichukue ipi kwa visu?

MwanaMuheza: Habari za jioni wakuu. Kuna fundi hapa Muheza anafunga karakana na anauza vyuma vyake. Kanibakishia viwili: diski ya plau ya trekta, imelika mpaka imekuwa ndogo, na jani moja la springi ya lori. Kila kimoja elfu kumi na tano, na pesa yangu inatosha kimoja tu. Nataka kujitengenezea visu. Nichukue kipi? Anataka jibu kesho mchana.

Fundi_Tupa: Mkuu, visu vya kazi gani? Vya jikoni, vya kuchinjia, vya mkonge? Una mvukuto na fuawe (chuma cha kufulia juu yake), au grinda tu? Diski ni ya zamani au ya juzi? Bila hayo tutabahatisha.

BintiSahare: Na unene wake je?

MzeeWaKorogwe: Springi. Mapanga mengi ya wahunzi wetu yanatoka humo. Ina kaboni kama asilimia 0.6 na kromu kidogo, inavumilia kupigwa. Mimi sijawahi kuijutia.

Jiko_la_Vifuu: Mzee wangu, springi ya lori ni nene. Kuifua mpaka iwe kisu cha jikoni ni kazi ya kutwa nzima, na mwenzetu hajasema kama ana nyundo. Diski tayari ni bamba, nyingi zina milimita 4 mpaka 6. Unachora, unakata kwa grinda, unanoa. Muhimu usiiunguze: kata kidogo, chovya maji, kata tena. Ukiona bluu, hapo ugumu umeshapungua.

Fundi_Tupa: Ugumu wa diski ni wa kulimia, haukusudiwi kukata nyama. Tena diski nyingi za siku hizi ni chuma cha boroni, kaboni kama asilimia 0.3. Kwenye mawe na mchanga ni imara, lakini kisu chake utanoa leo na kesho utanoa. Za zamani nyingi zilikuwa na kaboni zaidi. Kata kipande cha diski, kidogo kama kidole, kipashe moto mpaka sumaku iache kukishika, ni kama nyuzi 770, ongeza moto kidogo, kichovye kwenye mafuta ya kula yaliyo vuguvugu. Kikipoa pitisha tupa. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kinafaa. Ikiuma, kiache. Na oili chafu ya gari usichovyee, hicho ni kisu cha chakula.

PwaniYote: Kuhusu springi kuukuu naomba mnisikilize. Mwaka juzi nilimtengenezea mjomba wangu kisu, anapasua samaki pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga. Springi ilitoka kwenye lori la mchanga. Nikaifua, nikainyoosha, ikapendeza. Mafuta sikuwa nayo, nikachovya kwenye ndoo ya maji. Nikasikia "tik", sauti ndogo kama kijiti cha kiberiti kikivunjika. Nikageuza kisu huku na huku, sikuona kitu. Nikatia mpini wa mkwaju, nikampelekea.

Siku ya tatu anapasua kichwa cha nguru, kisu kikakatika katikati, kipande kikamwingia kiganjani chini ya kidole gumba. Alishonwa nyuzi sita. Niliokota kile kipande nikakitazama: pale kilipokatikia, nusu ilikuwa nyeusi tii, nusu inang'aa kama sukari. Ile nyeusi ni ufa uliokuwemo tangu kwenye lori, moto ukaupita, maji yakaumalizia. Mjomba hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa kila chuma kikuukuu nakisugua, nakipaka mafuta ya taa, nakifuta kikauke, halafu napaka unga wa chaki. Penye ufa mafuta yanarudi juu na kuchora mstari.

MzeeWaKorogwe: Mpe pole mjomba. Ila hapo kosa ni la maji, springi umeionea.

PwaniYote: Shikamoo mzee. Ni yote mawili. Jani lile limepinda na kunyooka miaka na miaka chini ya mzigo.

MzeeWaKorogwe: Marahaba. Haya, la chaki nimelichukua.

BintiSahare: Mimi napara samaki kila siku. Vyuma vyote hivi upepo wa bahari unavipiga kutu kufikia asubuhi.

Jiko_la_Vifuu: Dada, ukimaliza kikaushe, kipake mafuta ya nazi. Changu kina mwaka wa nne.

MwanaMuheza: Samahani wakuu, nilikuwa shambani. Kimoja cha jikoni kwa mke wangu, kingine cha kukatia mkonge. Nina grinda na jiko la mkaa. Fuawe sina, nimeahidiwa kipande cha reli.

Fundi_Tupa: Reli usiiguse! Hiyo ni mali ya umma, utaisotea polisi.

Jiko_la_Vifuu: Kama huna fuawe basi ni diski. Na kisu ukishakichovya cha moto kwenye mafuta usikiache hivyo, kitavunjika. Pasha bamba nene la chuma, laza mgongo wa kisu juu yake, ngoja makali yageuke njano ya nyasi kavu.

Fundi_Tupa: Baada ya kujaribu kipande! Mwombe akukatie ukingoni.

MwanaMuheza: Nimempigia. Anasema hakati kabla ya kulipwa.

MzeeWaKorogwe: Mpini utatia mti gani? Mkwaju uliokauka vizuri hauna mfano.

BintiSahare: Mpingo, mzee. Mkwaju ukilowa kila siku unalegea.

PwaniYote: Wa mjomba haukulegea.