Mkwe Mshona na ng'ombe wa mama: naomba ufafanuzi

Mjomba wa Newala
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mpwa wangu, binti wa dada, ameposwa na kijana Mshona wa Masvingo, Zimbabwe. Sisi Wamakonde tunahesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno posa inapoletwa. Mshenga wao amesema kwamba katika mahari yumo ng'ombe wa mama ambaye hageuzwi fedha. Dada yangu ana mikorosho, zizi hana. Ng'ombe huyo ana maana gani, na watoto watakuwa wa nani?

Mkazi wa Mikindani
Marahaba. Niliishi Mutare, huko huko Zimbabwe, kwa miaka kadhaa na nilihudhuria roora, yaani mahari yao, mara mbili. Mshenga, wanayemwita munyai, huchutama na kupiga makofi taratibu, na mbele ya wazee huwekwa sahani ya mti. Hakuna anayezungumza naye mpaka atie humo fedha ya vhuramuromo, yaani ya kufungua kinywa. Ng'ombe wa mama, mombe yeumai, ni lazima awe jike na awe hai, kwa kuwa huwaheshimu wahenga wa upande wa mama, na Washona wanaamini kwamba asipotolewa, wahenga hao huwaandama watoto wa ndoa hiyo. Msikubali fedha badala yake.

Watoto watafuata mutupo wa baba, ambao ni jina la ukoo lenye mwiko wake: wa Moyo hali moyo wa mnyama, na wenye mutupo mmoja hawaoani. Hapo tunatofautiana nao kabisa, na ni vyema mlizungumze mapema.

Wala hatuanzi nao leo, kwani sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14, ilipatikana katika magofu ya mawe ya Great Zimbabwe, karibu na Masvingo kwao mkwe wako.

Binti Nachingwea
Shikamoo mjomba. Naongeza kwamba kwao shangazi, vatete, ndiye mwenye sauti katika ndoa, kwa hiyo mtafuteni shangazi wa binti akae mkekani pamoja nanyi. Wewe watoto watakuita sekuru, jina lile lile wanalomwita babu, na watakutania kwa uhuru wasiokuwa nao kwa baba yao.

Mjomba wa Newala
Marahaba mwanangu, nawashukuru nyote. Jirani yetu anafuga, nitamwomba amtunzie dada ng'ombe wake.