SQL Server: CREATE DATABASE inagoma baada ya kubadili mahali pa mafaili

Swali
Wakuu, kwenye SQL Server 2019 (programu ya hifadhidata ya Microsoft) nimeingia Database Settings nikaelekeza data E:\Data na logi E:\Log, kwa sababu diski C inajaa. Huduma nimeiwasha upya. Hifadhidata za zamani zinapiga kazi, ila mpya haiundiki:

Msg 5123: operating system error 5(Access is denied.)
Msg 1802: CREATE DATABASE failed.

Mimi ni sysadmin (msimamizi mwenye ruhusa zote ndani ya SQL Server), na folda zote mbili nazifungua bila shida.

Jibu
Usysadmin wako haufiki kwenye diski, mkuu. Faili la .mdf (lenye data ya hifadhidata) linaundwa na akaunti inayoendesha huduma, na hiyo ndiyo haina ruhusa huko E. Ijue kwanza:

SELECT servicename, service_account FROM sys.dm_server_services;

Ikitoka NT Service\MSSQLSERVER, fungua CMD (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi:

icacls "E:\Data" /grant "NT SERVICE\MSSQLSERVER":(OI)(CI)F

Rudia kwa E:\Log. Wengi huisahau, na kosa linabaki lilelile. (OI)(CI) hufanya mafaili na folda za ndani zirithi ruhusa. Tafadhali usimpe Everyone (yaani watumiaji wote).

Jibu
Kama ni Express (toleo la bure la SQL Server), akaunti kwa kawaida ni NT SERVICE\MSSQL$SQLEXPRESS. Hiyo usiiandike PowerShell ndani ya alama mbili za kunukuu: itadhani $SQLEXPRESS ni kigeu na kuimeza. Tumia CMD tu.

Na someni namba iliyo ndani ya Msg 5123. 5 ni ruhusa, 3 njia haipo, 112 diski imejaa. Ukikuta Msg 5118, folda imebanwa na NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows). Ondoa mbano huo.

Muulizaji
Imekubali, asanteni. Mbona C bado imejaa vilevile?

Jibu
Mpangilio ule unahusu hifadhidata mpya tu. Za zamani zihamishe moja moja. Majina ya ndani ya mafaili (yanayowekwa kwenye NAME) yapo sys.master_files, kisha, tuseme hifadhidata yako inaitwa duka:

ALTER DATABASE duka MODIFY FILE (NAME = duka, FILENAME = 'E:\Data\duka.mdf');
ALTER DATABASE duka SET OFFLINE WITH ROLLBACK IMMEDIATE;

Fanya MODIFY FILE kwa logi pia. Hamisha mafaili yenyewe, ndipo SET ONLINE. ROLLBACK IMMEDIATE inakata watumiaji walioko ndani, kwa hiyo subiri saa za kazi ziishe. Chukua nakala rudufu kabla ya kugusa chochote, na hizi hatua si za master wala tempdb (hifadhidata za mfumo wenyewe).