Uliwahi kugombea uongozi chuoni? Tupeane uzoefu hapa

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili, juzi kanipigia simu kwamba kachukua fomu ya kugombea ubunge kwenye bunge la wanafunzi. Mama kusikia, machozi: "Nilimpeleka akasome, sikumpeleka akagombane na wakubwa." Baba yeye kauliza kama kuna posho. Mimi sijawahi kugombea hata umonita, ndiyo maana nimekuja kwenu. Mliogombea, mlioshinda na mliopigwa chini, tuambieni: kura zinapatikanaje hasa, hela inaishia wapi, na masomo yalikwendaje? Wale wa "mwambie asome tu", huo ushauri mama keshautoa.

*

Nilishinda ubunge kupitia hosteli, na sera yangu ilikuwa moja tu, maji. Wenzangu walikuja na manifesto ndefu, sijui utawala bora, sijui kuunganisha chuo na soko la ajira. Mimi nilikuwa naishi ghorofa ya juu kabisa, tunapandisha ndoo kila asubuhi, najua pampu inazimwa saa ngapi na funguo anakaa nazo nani. Nilipita chumba kwa chumba usiku, watu wakiwa wamejifungia wanapika kwa jiko la umeme lililokatazwa. Ukigonga, kwanza kimya, wanadhani ni mlezi wa bweni. Ukijitambulisha unafunguliwa, unakaribishwa na wali.

Wagombea wa kiume hawakuruhusiwa kuingia bweni letu muda huo, wakawa wanatuma wasichana waliowaahidi uwaziri. Wakifika wanaulizwa: "Huyo mtu wako anajua hapa maji yanatoka saa ngapi?" Kampeni imeisha.

Ila kaka, mwandae mdogo wako kwa bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi. Siku ya kusaini, mtu asipoona jina lake anakufuata wewe. Unaongozana naye kwa afisa mikopo, mnakuta akaunti imekosewa tarakimu moja, au matokeo yake ya mwaka jana hayajafika Bodi ya Mikopo. Usiku simu inaita: "Mheshimiwa, sijala tangu jana." Unga na maharage ya akiba havikukosekana chumbani kwangu. Masomo? GPA, wastani wa alama, ilishuka kidogo, ila sapu, mtihani wa kurudia, sikupata. Akatae kuwekwa kwenye kila kamati, vikao ndivyo vinavyomaliza muda wa kusoma.

*

Niligombea urais, nikapigwa chini vibaya sana. Chuo sikitaji.

Hela ilikwenda kwenye vipeperushi, fulana, na soda za watu wanaojiita wazee wa kura. Hao dogo awaogope. Kijana anakuja na daftari lenye majina na namba za vyumba, anakwambia "bloku hii yote ni yangu". Unampa chochote. Keshokutwa unamkuta mkutanoni, fulana yako kaivaa juu, na shingoni inachungulia ya mpinzani wako. Halafu kuna watu wa vyama vya nje. Kwa maandishi siasa za vyama zilikuwa marufuku kampasi, lakini mpaka mama ntilie wa getini alijua mgombea gani ni wa nani.

Kilichonimaliza ni mdahalo. Binti wa mwaka wa kwanza kauliza: "Hela ya serikali ya wanafunzi tunayolipa pamoja na ada inatumikaje, na wewe utatuonyesha hesabu lini?" Mimi nikaanza na Mwalimu Nyerere. Nilizomewa kabla sijafika Azimio la Arusha.

*

Vijana mnaongelea soda na fulana. Mlimani ya zamani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uongozi wa wanafunzi ulikuwa moto wa kweli. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akawarudisha nyumbani mamia kwa mpigo, na papo hapo akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Museveni naye alipitia hapo hapo, akiongoza USARF, kikundi cha wanaharakati wa Kiafrika. Machi 1978 wakaandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Wakafukuzwa, na DUSO, umoja wao wa wanafunzi, ikafutwa. Badala yake ikaletwa MUWATA, umoja mwingine wa wanafunzi, chini ya mwavuli wa chama tawala. DARUSO mnayoijua, serikali ya wanafunzi ya hapo Mlimani, imekuja baadaye. Kwa hiyo huyo mama anayelia msimcheke, kizazi chake kinakumbuka.

*

Salamu kutoka Kenya. Huku mambo yalibadilika na marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya 2016. Zamani makomredi, yaani wanafunzi, wote walipanga foleni kumchagua mwenyekiti. Kwa marekebisho hayo kila idara au kitivo kilichagua wajumbe watatu, wasiwe wa jinsia moja wote, na hao wajumbe ndio waliochagua baraza. Kiongozi alikaa mwaka mmoja, akirudi ni mara moja tu. Lengo lilikuwa kupunguza vurugu na pesa. Vurugu zilipungua kiasi, lakini pesa zilihama tu. Mimi nilikuwa mjumbe. Wiki ya uchaguzi sikununua chakula, na usiku wa mwisho kambi moja ilitaka kutulaza hotelini, simu zetu wakae nazo wao. Nilikataa simu, nyama nilikula.

*

Mimi nilichaguliwa CR, kiongozi wa darasa, nikiwa sipo darasani. Nimerudi naambiwa hongera. Miaka mitatu nikawa mtu wa kubeba projekta, kutoa kopi za notsi na kumpigia mwalimu simu kumuuliza kama anakuja. Akisema haji, darasa linanipigia makofi mimi.

*

Mleta uzi nimerudi. Asanteni sana, nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Ya maji na ya hesabu nimemtumia dogo kama yalivyo. Anasema kwao kura zinapigwa kwenye mfumo, kwa simu, hakuna masanduku. Hapo kuna wa kumsaidia?

*

Nilikuwa meneja kampeni kwenye uchaguzi wa namna hiyo. Tatizo ni nywila, mkuu. Watu wanaingia kwenye mfumo wakati wa kujisajili na wa kuangalia matokeo, katikati hapo wanasahau kila kitu. Wiki nzima kabla ya uchaguzi tulikuwa tunazunguka vyumbani na kauli moja: "Fungua akaunti yako sasa hivi tuone." Aliyekwama tunamwelekeza ofisi ya TEHAMA mapema, maana siku ya kura foleni pale inafika nje. Wapinzani wetu siku hizo walikuwa wanagawa fulana. Na dogo asigawe bando la intaneti, tume ya uchaguzi wakijua wanamkata jina. Aseme tu waiFai inashika vizuri wapi.