Dokta kasema mzee ahamie hospisi, ndo tumeshakata tamaa au?

Kitindamimba: Wakuu habarini, naomba ushauri. Mzee wangu ana kansa ya ini, kemo imegoma, juzi dokta katuita kasema kilichobaki ni tiba shufaa tu, yaani ya kumpunguzia mateso si kuponya, tumwandikishe hospisi. Bro mkubwa kawaka, anasema huko ni kwenda kumtupa mzee na hiyo morfini, dawa kali ya maumivu, ndo itammalizia. Na mzee usiku hatulali naye kwa maumivu, chakula hataki, tukimlazimisha anatapika. Waliopitia hii kitu, huko wanafanyaga nini hasa?

Nesi_wa_zamu: Pole sana mkuu. Kwanza hospisi si lazima iwe jengo, mara nyingi ni timu inamfuata mgonjwa hapohapo nyumbani. Wanachoacha ni kukimbizana na kansa, ila maumivu, kichefuchefu, pumzi kubana, kukosa usingizi, hivyo vyote vinatibiwa tena kwa umakini kuliko wodini. Morfini ya maji wanaanza na dozi ndogo, kawaida kila baada ya masaa manne, wanapandisha taratibu, ikipimwa vizuri haiharakishi kifo. Kwa kuwa ini limeguswa lazima dozi ipangwe na dokta anayejua hilo, msijiongezee wenyewe. Halafu ombeni dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, morfini inafunga choo balaa na watu wengi hawaambiwi.

babu_kijiwe: Naongezea, msisubiri mpaka alie ndo mumpe. Cicely Saunders, yule mama aliyefungua hospisi ya St Christopher's pale London 1967, alisisitiza hilo sana, maumivu ya muda wote yanataka dawa kwa saa zilizopangwa, iwe yanauma iwe hayaumi.

Bi_Mkunde: Pole mdogo wangu. Chakula acheni kulazimisha, mwili ukifika huko hauhitaji tena, mtampalia bure. Mama yangu mwishoni tulikuwa tunamlowesha midomo na pamba tu, tunampaka mafuta isikauke, tunamgeuza ubavu asipate vidonda. Kuna siku atakoroma kama ana makohozi kooni, au pumzi inakata kidogo halafu inarudi, inatisha ila mara nyingi yeye wala hasikii shida, mlazeni ubavu na mpigieni nesi.

mtu_baki: Nyie mnabishana na bro, mzee mwenyewe kaulizwa?

Kitindamimba: Hajaulizwa kusema kweli, bro hataki hata aambiwe.

Bi_Mkunde: Anajua huyo. Wagonjwa wanajuaga kabla yetu, ananyamaza kuwalinda nyie. Muulizeni tu anaogopa nini na anataka awe wapi, mengine atayasema mwenyewe.

Kitindamimba: Asanteni sana jamani. Bro nimemwonyesha huu uzi, kalainika kidogo, kasema twende wote kuonana na hao watu kesho. Tuulize nini?

Nesi_wa_zamu: Cha kwanza kabisa, mzee akizidiwa saa nane usiku nani anapokea simu na nani anakuja. Wakijiumauma hapo, tafuteni timu nyingine.