Msaada: nampeleka bi mkubwa kula mgahawa wa Kifaransa Beaune, na ana chupa ya pilipili kwenye pochi

BintiChumbageni
Habari za jioni wakuu. Niko Köln, Ujerumani, mwaka wa sita huu. Bi mkubwa wangu amekuja kutoka Tanga kunitembelea, na mwezi wa kumi na moja tunashuka kwa gari hadi Marseille kwa dada yangu. Njiani tutalala Beaune Jumamosi usiku, kamji ka watu elfu ishirini hivi, kusini ya Dijon. Mume wangu ndiye aliyekachagua, anataka kuiona ile hospitali ya kale ya mwaka 1443 yenye paa la vigae vya rangi.

Shida ni chakula cha usiku. Sitaki tule mkate baridi wa kituo cha mafuta. Nataka bi mkubwa akae kwenye mgahawa mdogo wa wenyeji, kitambaa mezani, ahudumiwe. Nimesoma menyu tatu nikachoka. Ng'ombe kapikwa kwa mvinyo, kuku kapikwa kwa mvinyo, hata mayai wanayatumbukiza kwenye mvinyo mwekundu! Bi mkubwa hagusi pombe hata ya kwenye mchuzi, kitimoto ndiyo usitaje, na nyama ya huku hali mpaka ajue kaichinja nani. Anakula samaki, mayai na mboga.

La pili, chekeni tu: hatembei bila chupa yake ya pilipili ya ndimu. Inakaa kwenye pochi pamoja na tasbihi. Akiitoa mezani ni matusi? Kifaransa changu kinaishia bonjour. Nawasilisha.

MkwezwaMnazi
Pikeni chipsi mayai hukohuko chumbani, dada. Hao watu wanakula konokono.

MamaBukavu
Usimsikilize huyo. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Dijon miaka kumi na moja, Beaune ni jirani yangu.

Hayo mayai yanaitwa œufs en meurette, na mvinyo si tatizo lake pekee, mna vipande vya nguruwe pia. Neno la kukariri ni *lardons*. Huku wanavirusha kwenye saladi kama sisi tunavyorusha kitunguu, na wakati mwingine menyu haivitaji. Konokono wenyewe huokwa kwa siagi, kitunguu saumu na kotimiri, lakini naona si swali la mama.

Samaki ndiyo njia yenu, ila angalia mchuzi. Ule mchuzi laini wa siagi, *beurre blanc*, unaanza na mvinyo mweupe. Omba truite, samaki wa maji baridi, akaangwe kwa siagi tu na limau pembeni. Kuna *gougères* pia, vitumbua vya jibini vya hapa Bourgogne, vinaokwa, havina shida. Kwenye jibini aombe Comté. Époisses aiache: ganda lake linaoshwa kwa *marc*, pombe kali ya zabibu. Na haradali yetu maarufu? Ile iliyoandikwa *Moutarde de Bourgogne* hutengenezwa kwa mvinyo mweupe. Wageni wengi hawalijui hilo.

Andika hii kwenye karatasi umpe mhudumu mkifika tu: *Ma mère ne mange ni viande, ni porc, ni alcool, même dans la sauce.* Mama yangu hali nyama, wala nguruwe, wala pombe, hata ya kwenye mchuzi.

MzeeWaChangombe
Mnakuza mambo. Mvinyo ukichemka pombe yote inapaa na mvuke. Inabaki ladha tu.

ShangaziKibokoni
Mzee, hiyo ni hadithi ya jikoni. Wamarekani walipima. Chakula kikichemka nusu saa, zaidi ya theluthi ya pombe bado imo. Hata saa mbili na nusu za moto mdogo hubakisha kama asilimia 5. Na hata ingekuwa sifuri, mama wa watu amesema hataki. Sisi ni nani tumhesabie?

MzeeWaChangombe
Sawa shangazi, nimenyamaza.

FundiLyon
Dada, hapo kwenye "menyu" ndipo wengi tunapoibiwa bila kuibiwa. Kwao *menu* ni seti ya bei moja: kianzio, chakula chenyewe, kitamutamu. Ukitaka orodha ya kuchagua kimoja kimoja, omba *la carte*. Na *entrée* kwao ni kianzio. Mimi wiki ya kwanza nililetewa saladi, nikasubiri sahani kubwa nusu saa nzima. Hakuna kitu kilichokuja.

Saa ni sheria. Mchana jiko linafungwa kama saa nane, na usiku haliwashwi kabla ya saa moja au saa moja na nusu. Ukifika saa kumi na mbili una njaa, hata mwenye mgahawa hatakuonea huruma.

Maji usinunue ya chupa. Sema *une carafe d'eau*, ni bure kisheria, na mkate nao hulipii. Mkate unawekwa juu ya kitambaa, ubavuni mwa sahani. Bi mkubwa asishtuke, si ukosefu wa adabu. Bili hawaleti mpaka uiombe. Kuileta mapema ni kama kukufukuza.

Bakshishi: bei mnayoiona ina malipo ya huduma tayari. Mimi siachi kitu.

MamaBukavu
Fundi, wewe ni bahili tu. Mgahawa mdogo, mtu na mke wake, wamekubadilishia mchuzi kwa ajili ya mama, acha euro mbili tatu mezani.

FundiLyon
Kama wamebadilisha mchuzi, sawa. Wakileta lardons, naondoka na sarafu zangu.

MamaBukavu
Dada, subiri kwanza. Umesema Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja. Ipi? Kama kesho yake ni Jumapili ya tatu, mmeangukia mnada wa mvinyo wa ile hospitali mnayokwenda kuitazama! Upo tangu 1859. Wanunuzi wanatoka kila pembe ya dunia, mji unajaa, na meza zinakamatwa miezi kabla.

BintiChumbageni
Yallah! Ndiyo hiyohiyo. Ndiyo maana chumba kilikuwa bei ya harusi na mume wangu akasema "labda kina jakuzi". Kwa hiyo nampeleka mama asiyegusa mvinyo kwenye sikukuu ya mvinyo.

MkwezwaMnazi
Chipsi mayai chumbani. Nilisema.

ShangaziKibokoni
Tena mwanangu, utafute mgahawa wenye alama ya kijungu chenye paa la nyumba, *fait maison*, maana yake wanapika wenyewe. Anayepika mwenyewe anaweza kukutolea mvinyo. Anayepasha moto cha pakiti hawezi kutoa chochote.

Na kuhusu pilipili: mama yangu aliitoa yake Toulouse kabla hata ya kuonja, mhudumu akaitazama ile chupa kama tumeweka betri ya gari mezani. Aonje kwanza, vijiko viwili vitatu mtu akiona. Kisha adondoshe kidogo pembeni ya sahani, asiimwage juu ya samaki. Akiulizwa, amwonjeshe. Chupa yenyewe irudi kwenye pochi.

FundiLyon
Hapo shangazi umemaliza. Na mkiingia tu, kabla ya jambo lolote, *bonjour madame*, au *bonsoir* kukiwa kumeingia giza. Usiposalimia utahudumiwa kama mdaiwa. Bi mkubwa wa Tanga hilo halihitaji kufundishwa.

MamaBukavu
Kwa Beaune usiku huo msihangaike. Chagny iko kama kilomita 15 kusini, na kesho yake inakuwa njiani kwenu. Nitumie tarehe na idadi inbox, nipige simu kwa Kifaransa. Wakisikia lafudhi ya mtu wa Dijon hawasemi *complet*, yaani pamejaa, haraka.

BintiChumbageni
Mrejesho, wakuu. MamaBukavu alipiga sehemu nne. Tatu zimejaa. Ya nne, mama mmoja mwenye mgahawa wake Chagny, ana meza ya watu watatu saa moja kamili usiku. Alielezwa habari za mchuzi, akasema atamkaanga truite kwa siagi kwenye kikaango chake peke yake, na akashukuru kuambiwa mapema kuliko kusikia mezani. Dada yangu wa Bukavu, aksanti sana, sina la kukulipa.

Nimemsomea bi mkubwa uzi wote, hadi betri ya gari. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Huyo mama wa Kifaransa, ndimu anazo?"

Nikamwambia ana limau.

"Limau si ndimu," akasema, akaenda kuangalia kifuniko cha chupa kama kimefungwa vizuri.