Modeli ya faktori ya ngazi mbili: niamini kipimo kipi?

Mwanadodoso: Wadau, nina modeli ya faktori (sifa fiche zinazopimwa kwa maswali ya dodoso) ya ngazi mbili, wanafunzi ndani ya madarasa. Vipimo vya jumla vya jinsi modeli inavyoendana na data ni vizuri: CFI 0.97 (ikikaribia 1 ni nzuri), RMSEA 0.03 (ikiwa ndogo ni nzuri), ila SRMR (ukubwa wa mabaki, nayo ndogo ni nzuri) ya ngazi ya madarasa ni 0.19. Niripoti vipimo vya jumla, nipime kila ngazi peke yake, au niachane na ngazi mbili nisahihishe makosa sanifu tu? Msimamizi anataka jibu Ijumaa.

Bibi Kaimraba: Madarasa mangapi? ICC je, yaani sehemu ya variansi iliyo kati ya madarasa? Unaomba dawa bila kusema unaumwa wapi.

Shibisha: Fuata makala ya Ryu na West, 2009. Ngazi ya wanafunzi iache huru, kovariansi zote zikadiriwe, yaani ishibishe. Kasoro itakayobaki ni ya madarasa. Kisha geuza. RMSEA ya jumla inabebwa na wanafunzi kwa sababu ndio wengi.

Kikokotoo: Na CFI uikokotoe mwenyewe! Mimi yalinikuta. Nilikuwa na makundi 38, faktori mbili juu na mbili chini, CFI ya jumla 0.98, nikatembea kifua mbele. Mhakiki akadai kipimo cha kila ngazi. Nikashibisha ngazi ya chini, programu ikanipa CFI nzuri vilevile, nikamjibu kwa kiburi. Kumbe modeli tupu ya kulinganishia (isiyo na uhusiano wowote kati ya maswali) haikushibishwa ngazi ya chini, ndiyo maana namba ilipaa. Nilipoirekebisha ikashuka hadi 0.71, na variansi moja ya mabaki ilikuwa hasi, jambo lisilowezekana, tangu mwanzo, sikuitazama. Miezi minne ikaenda. Huko juu faktori ilikuwa moja tu.

Bibi Kaimraba: Programu gani hiyo?

Kikokotoo: Sitaji, mtaanza vita.

Bure Ghali: lavaan, kifurushi cha R, inatoa SRMR ya kila ngazi, na ni bure. Mplus mnalipia ya nini?

Shibisha: Umeanza. Mplus ilifanya kazi hii miaka mingi kabla ya lavaan.

Mwanadodoso: Samahani, madarasa ni 42, ICC 0.04 hadi 0.11.

Bibi Kaimraba: Basi hiyo 0.19 usiitetemekee. Variansi ya juu ikiwa ndogo hivyo, na makundi machache, SRMR huvimba hata modeli ikiwa sahihi. Sahihisha makosa sanifu, uendelee na maisha.

Shibisha: Hapo unadai muundo ni uleule ngazi zote mbili. Nani kakuhakikishia?

Kikokotoo: Mleta mada, maswali yenyewe yanamhusu mwanafunzi au mwalimu wake?

Bure Ghali: Bado sijajibiwa kuhusu bei.