Tupeane uzoefu: Video yako ya kwanza ya katuni ya kutangaza kazi yako uliitengenezaje?

Mbunifu Nembo (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Wengi wetu hapa tunajiajiri, na kila mara linarudi swali la video fupi ya katuni ya kueleza kazi, ile ya dakika moja hivi ambayo mtu akiitazama anaelewa unafanya nini na akupateje. Si kila mtu anamudu kumlipa mtaalamu, na mafunzo mengi ya mtandaoni yanaanzia kwenye programu: bonyeza hapa, buruta pale. Naomba tusimuliane sisi tulioanza bila kujua lolote. Uliandikaje, ulirekodije, nini kilifanya kazi?

Naanza mimi. Nasanifu nembo na vifungashio. Video yangu ina sekunde 75, na kilichonisaidia kuimaliza ni mpangilio: maneno kwanza, sauti ikafuata, picha mwisho. Nilikaa na skripti mpaka ikasomeka kwa mdomo bila kukwama, nikairekodi kwa simu. Kisha nikachora vijipicha vya penseli, nikavipiga picha na kuvipanga juu ya ile sauti vikiwa vimetulia tuli. Hapo hakuna kinachocheza bado, ila video nzima unaiona. Sehemu inayochosha utaijua palepale, maana mkono unataka kupeleka mbele. Onyesho zima la "safari yangu ya ubunifu" liliondoka katika hatua hiyo, na kuliondoa kulikuwa ni kuweka kando vikaratasi viwili. Lingekuwa limeshahuishwa, yaani picha zimeshachezeshwa, ningelionea huruma nikaliacha.

Mhasibu Huru

Mkuu umegusa penyewe. Mimi natunza hesabu za wafanyabiashara wadogo. Rasimu yangu ya mwanzo ilikuwa jina, vyeti, miaka ya uzoefu. Rafiki yangu mwenye duka akaisoma, akauliza: "Sawa, na mimi niko wapi humu?" Swali hilo ndilo lililoandika video yangu. Sasa inaanza hivi:

"Mwezi umeisha. Risiti zimejaa droo, nyingine wino umefutika. Mauzo yalikuwa mazuri, lakini pesa huzioni."

Mchoro ni droo inavutwa, inagoma nusu, halafu karatasi zinafurika nje. Basi. Jina langu linatokea baada ya sekunde 20, mtazamaji akiwa ameshajiona humo. Wateja wanaonipigia, wengi wanaanza kwa kusema, "Ile droo ni ya kwangu kabisa." Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia vyeti.

Ninachoamini kwa dhati: video ya kujitangaza inamhusu anayeitazama. Wewe unaingia pale anapokuhitaji, unaonyesha njia, unatoka.

Mkalimani

Asanteni ndugu zangu. Niongeze upande wa sauti, maana wanaoanza wengi hupita hapo mbiombio. Mchoro wa kawaida mtu atauvumilia; sauti yenye mwangwi hatavumilia. Nilirekodi mbele ya kabati la nguo lililo wazi, kwa sababu nguo hufyonza mwangwi. Feni imezimwa, simu iko kwenye hali ya ndege. Mikrofoni iwe umbali wa shubiri moja, kando kidogo ya mdomo. Ukiielekea moja kwa moja, kila "p" na "b" inapiga kishindo. Kabla ya kusema chochote acha sekunde chache za ukimya. Audacity, ambayo ni ya bure, inautumia ukimya huo kutambua mvumo wa chumba na kuupunguza kwenye rekodi nzima. Punguza kiasi tu, ukizidisha sauti inapoteza uhai.

Na kuhusu urefu: miongozo mingi inasema maneno 130 hadi 150 kwa dakika. Kipimo hicho ni cha Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, hivyo maneno 150 ya Kiswahili kwa dakika yatakukimbiza mpaka pumzi iishe. Usihesabu maneno. Soma kwa sauti, mwendo wa kuongea na mtu, saa iko mkononi. Na acha nafasi baada ya kila jambo zito, mtazamaji apate muda wa kuangalia picha.

Kijana wa Tovuti

Shikamooni wakubwa. Nimeelewa maneno na sauti. Sasa kuchezesha picha ndiko kunanitisha, sijui kuchora kabisa. Na programu je? Nimeambiwa bila After Effects, ile programu ya kulipia ya Adobe ya kuchezesha picha, nisahau.

Mchoraji Mtulivu

Marahaba mdogo wangu. Usitishike. Blender ni ya bure na unaweza kuchora katuni za kawaida ndani yake. Filamu iliyopata Oscar ya katuni ndefu mwaka 2025 ilitengenezwa humo. Ila kwa mwanzo hata Blender ni kubwa mno. Chora maumbo yako kwa Inkscape au Krita, yachezeshe kwa Synfig au moja kwa moja kwenye programu ya kuhariri kama DaVinci Resolve toleo la bure. Zipo pia za mtandaoni kama Powtoon zenye wahusika waliokwisha kuchorwa, lakini toleo la bure linaacha nembo yao juu ya video yako. Kwa mazoezi sawa. Kwa video ya kujitangaza mimi siipendi, mteja anasoma jina la mwingine.

Kutojua kuchora si kizuizi. Fikiria hesabu: katuni mara nyingi huwa na fremu 24 kwa sekunde, yaani picha moja moja 24 zinazopita haraka. Anayechora kwa mkono, hata akishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, anahitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika moja. Hakuna anayeanza atakayefika huko. Njia ya mkato ni kukata umbo vipande: mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, kila kimoja kwenye leya (tabaka) yake, unavizungusha kwenye viungo. Unaweka fremu ya kuanzia na ya kuishia, programu inajaza katikati.

Kinachotofautisha kazi safi na inayoonekana ya mashine ni mwendo wenyewe. Programu ikiachiwa mara nyingi inasogeza kitu kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho, na hakuna kiumbe anayetembea hivyo. Jaribu mkono unaochukua simu mezani. Kwanza urudi nyuma kidogo, ndipo uende. Uanze polepole, ushike kasi katikati, upunguze unapoikaribia simu. Bega litangulie, kiganja kichelewe fremu mbili tatu. Mambo haya yamo katika kanuni 12 za uhuishaji walizoziandika Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney mwaka 1981. Jifunze mbili tu kwa sasa, kujiandaa kabla ya mwendo na kupunguza kasi mwishoni. Zitakutosha kwa video nzima.

Na si lazima kila kitu kicheze. Kitu kimoja kinachosogea kwenye skrini iliyotulia ndicho jicho linachokifuata.

Mama Vitambaa

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Nashona nguo. Nilitengeneza katuni, ikapendeza, lakini wateja waliniuliza, "Nguo zenyewe ziko wapi?" Mtu anataka kuona pindo, aone mshono ulivyokaa. Katuni haiwezi kumwonyesha hilo. Kwa anayefanya hesabu, tafsiri, bima, tovuti, mambo yasiyoshikika, katuni ni mkombozi. Kwa kazi ya mikono, piga video ya kazi halisi. Katuni nimeibakiza mahali pamoja tu: kueleza jinsi ya kujipima mwenyewe nyumbani kwa utepe kabla ya kuagiza. Hapo inafanya kazi kuliko video yoyote, maana mstari mwekundu unazunguka kifua na kiuno na mtu haulizi tena.

Mbunifu Nembo

Mama, umesema jambo ambalo wauzaji wa programu hawalisemi. Ahsante sana.

Niongeze la muziki, kwa kuwa linawaponza watu. Muziki wa bure si lazima uwe huru kwa biashara. Leseni za Creative Commons, yaani ruhusa za wazi ambazo watunzi huziweka kwenye kazi zao, zikiwa na herufi NC haziruhusu matumizi ya kibiashara, na video ya kujitangaza ni biashara. Zenye BY zinataka umtaje mtunzi. Hifadhi ukurasa wa leseni siku unayopakua. Muziki wenyewe uushushe sana chini ya sauti. Usikilize kwenye spika ya simu, maana ndiko wengi watakakosikilizia.

Mhasibu Huru

Au wasisikilize kabisa. Wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa, kwa hiyo weka maandishi ya maneno yote. Mimi nilimpa simu jirani asiyejua kazi yangu, bila sauti, kisha nikamwomba anieleze ninafanya nini. Alisema "unauza madroo ya ofisi." Nikaongeza onyesho la karatasi zikijipanga kwenye jedwali lenye "mapato" na "matumizi", nikampa jirani mwingine. Akajibu sawasawa.

Kijana wa Tovuti

Swali la mwisho: mwisho wa video niweke nini? Nina namba, barua pepe, kurasa nne za mitandao na anwani ya tovuti.

Mkalimani

Weka kimoja, kile unachokijibu haraka zaidi. Kikae kwenye skrini sekunde tano bila kitu kingine kusogea, na sauti ikitaje pia. Toa video mara mbili: ya kulala pikseli 1920 kwa 1080 kwa ajili ya tovuti, ya kusimama 1080 kwa 1920 kwa ajili ya simu. Kwenye ile ya kusimama pandisha namba juu kidogo, kwa sababu chini kabisa hufunikwa na vitufe na maelezo ya mtandao husika.